Neno la Shukrani Kabla ya Kaburi

Jumanne ya mwisho ya mwezi wa nane nilimpoteza mume wangu, hospitalini Kiomboi, asubuhi, nikiwa nimetoka kumtafutia uji.

Alikuwa mwinjilisti wa kanisa letu dogo, karibu na Shelui. Siku za mnada alisimama na spika yake kati ya wauza ng'ombe na wachoma nyama akahubiri. Wengine walimpigia miluzi. Dereva mmoja wa lori alizoea kumwambia, "Mwinjilisti, leo fupisha, hata Yesu alikula kwanza." Mume wangu alicheka naye, kisha akaendelea. Mimi nilikaa nyuma nikiitikia mapambio. Mbele za watu sikusema neno. Hata kanisani, wakiomba ushuhuda, nilitazama chini.

Alipolazwa aliniomba jambo moja. Ukoo wake wote ungekuja kumzika, na hawakuwahi kukaa pamoja wakamsikiliza. Nisiwaache waondoke bila kuambiwa habari za Yesu. Nilimjibu kwamba mchungaji atawaambia. Akageukia ukutani, nikajua hajaridhika.

Tulipofika nyumbani na mwili, kaka yake mkubwa alikuwa ameshapanga kila kitu. Yeye ndiye msemaji wa ukoo, na vijana waliochimba kaburi ni wanawe na wapwa zake. Alimwita mchungaji pembeni, lakini sauti ilinifikia mkekani nilipokaa.

"Mdogo wangu ametuhubiria maisha yake yote. Leo mwache apumzike, na sisi tupumzike."

Akaongeza kwamba mahubiri yakianza, vijana wataweka makoleo chini na kanisa litafukia lenyewe. Mchungaji wetu ni kijana, tena mgeni kwa watu hawa. Alikubali sala fupi tu. Simlaumu. Mimi pia niliogopa mume wangu alale kwenye kaburi lililo wazi, watu wakitazamana.

Lakini kwetu, kabla jeneza halijabebwa, wafiwa hutoa neno la shukrani. Kwa kawaida hulitoa mwanaume, ila mjane akiomba hanyimwi. Niliomba. Shemeji alinitazama kidogo, akaniruhusu. Nadhani aliona hakuna hatari kwa mtu kama mimi.

Nilisimama nikiwa nimeshikilia bega la mama mchungaji. Niliwashukuru waliochota maji, walioleta kuni, waliochimba. Kisha nikasema, "Mume wangu amenituma kwenu. Mnajua alivyokuwa mlevi, mlikuwa mnamwokota njiani. Yesu alimpokea akiwa hivyo. Amesema hata ninyi Yesu atawapokea. Na mimi naamini hivyo."

Nilitaka kusema zaidi. Nyuma kidogo mtu akasema, "Kumbe amemwachia na spika." Wachache wakacheka kwa pua.

Shemeji hakucheka.

"Nimekusikia, shemeji," alisema. "Sasa kaa chini. Umefiwa."

Nilidhani yameisha. Lakini jeneza liliposhushwa na sala fupi ikasemwa, vijana walichomeka makoleo kwenye kifusi cha udongo, wakasogea nyuma bila kumtazama mtu. Mchungaji alivua koti. Wazee wetu wawili wa kanisa walikuwa hawana nguvu, kwa hiyo akina mama wakafunga khanga viunoni wakashika makoleo, jambo ambalo wanawake huku hawalifanyi. Mimi pia nilishika. Udongo wa mwezi ule ni mkavu, unapanda puani. Tulifukia, tukapumzika, tukafukia tena. Hakuna aliyeimba, pumzi haikutosha. Ukoo ulisimama ukatutazama mpaka mwisho. Hawakuondoka. Sijui kama ni kwa heshima au kwa hasira, na sijapata nguvu ya kuuliza.

Kurudi nyumbani, tulikuwa tumeweka beseni la maji mlangoni. Anayenawa hapo anaingia kula na wafiwa. Asiyenawa, amejitenga na nyumba hiyo. Shemeji alilipita bila kunawa, akashika njia ya kwake, vijana wakamfuata mmoja mmoja. Mke wake alibaki nyuma. Alinawa haraka, akafuta mikono kwenye khanga, akamfuata mumewe.