Mwisho wa Kitabu cha Sita

Mjomba wangu Sulemani alikuwa fundi wa baiskeli pale mtaa wa Jabe, na alikuwa na vitabu vitano vya watoto. Vya watoto kweli, vya Kifaransa, vyenye picha na herufi kubwa. Ni habari za watu wanaochunga mawingu kama watu wa huku wanavyochunga ng'ombe, na kijana mmoja, Odrin, na wingu lake linaloitwa Kijivu. Alivianza shuleni akiwa na miaka kumi na moja. Mwisho wa kitabu cha tano Kijivu anachukuliwa na dhoruba. Cha sita ndicho cha kumalizia, ila mwanafunzi mwingine alikiazima asikirudishe. Tangu hapo, miaka ishirini na sita, mjomba alitaka kujua kitu kimoja tu: Kijivu alirudi ao hakurudi.

Siku tuliyokimbia mtaa kwa sababu ya vita, watu walibeba magodoro. Yeye alibeba pampu na vitabu vitano.

Wateja walimcheka. "Mutu muzima na ndevu zako, unalilia wingu?"

"Nalilia. We haujapoteza ng'ombe?"

Basi mwaka wa 1997, wakati wa vikwazo vya nchi jirani, petroli haikupatikana, nusu ya mji ikapanda baiskeli. Alasiri moja mwalimu Gélase alileta gurudumu lenye pancha. Alikuwa anakula karanga. Alipomaliza akatupa karatasi chini. Mjomba akaiokota apangusie gundi vidoleni, akasimama wima.

"Gélase, hii umeitoa wapi?"

"Karanga? Kwa Daphrose, sokoni."

"Karatasi."

"Na karatasi kwa Daphrose. We nawe."

Kwenye karatasi ile paliandikwa Odrin, mara tatu, na maneno yasiyokuwamo katika vile vitano. Mjomba alitoka mbio na gurudumu mkononi, mimi nyuma yake, na nyuma yangu sauti ya Gélase: "Sulemani, gurudumu langu."

Daphrose alikuwa amekaa nyuma ya beseni lake, anapepea makaa kwa jalada gumu la bluu. Mjomba alilitambua kabla hatujafika.

"Mama Daphrose, usichane tena."

"Nimechana nini?"

Kitabu kilikuwa pajani kwake, bado kinene, jalada la mbele halijabanduka. Daphrose huchana kutoka nyuma, maana jalada la nyuma hulibandua kwanza apepee nalo. Kwa hiyo mwisho ndio uliotangulia kuuzwa.

"Karatasi ya mwisho kabisa ulimpa nani?"

Daphrose alifikiri. "Ndiyo nilianza nayo leo asubuhi. Na ya kwanza siuzagi, unajua. Nampaga Bibi Concilie, inanifungulia siku."

Mjomba akashika kichwa. Halafu akaanza kucheka, kwa sababu Bibi Concilie hana meno. Karanga hatafuni njiani, anapeleka nyumbani azitwange atie kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Lakini karatasi anawashia moto," nikasema.

Ilikuwa inakaribia saa kumi, na kwa ajili ya kuvrefe, amri ya kutotembea usiku, watu walipika mapema. Tukatoka mbio tena, kitabu kifuani kwa mjomba, gurudumu begani.

Bibi Concilie alikuwa ameinamia jiko uani. Karatasi ilikuwa imeshakunjwa chini ya makaa.

"Bibi, umewasha?"

"Ningewasha na nini? Kiberiti imepotea mji muzima. Nangoja jirani aniletee kaa la moto."

Mjomba alipiga magoti, akaingiza mkono jikoni, akaivuta karatasi. Bibi akamshika kiganja.

"Ni yangu hiyo. Inasema nini mupaka mwanaume akimbie hivi?"

"Ni mwisho wa hadisi, Bibi."

"Basi nisomee. Ao rudisha, nipike."

Nilimwona anavyotaka kuikunja, aanze na kurasa za mbele kama inavyotakiwa. Bibi hakuachia mkono. Basi akasoma, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili kama alivyotufanyia siku zote. Odrin, sasa mtu mzima mwenye ndevu, amesimama mlangoni, jua linawaka. Anapiga mluzi kama anavyopiga kila jioni. Hakuna kitu. Anageuka aingie ndani. Shingo yake inalowa.



"Nini imemulowesha?" Bibi akauliza.

"Kijivu. Amerudi. Anamulamba shingo."

"Kama ng'ombe."

"Kama ng'ombe, Bibi. Nilisema. Assia, sikusema?"

Alisema, miaka yote. Akaruka pale uani, mikono myeusi ya makaa, mpaka kuku wakapanda ukuta.

Bibi alimngoja atulie. "Haya. Sasa huyo Odrin ni mutoto wa nani? Na hiyo ng'ombe ilipoteaje?"

"Bibi, ni vitabu sita."

"Mi naenda wapi? Moto wenyewe haujawaka. Kaa."

Akakaa juu ya gurudumu, akaanza kitabu cha kwanza kwa kichwa. Gélase alipotufikia, anahema, amekunja uso, hajasema neno, Bibi akamwinulia kidole.

"Nyamaza, mwalimu. Hapa kuna mutu atapoteza ng'ombe yake."