Nilivyokwenda Mbale Kumchukua Rehema

Safari hii ilianzishwa na neno la mpita njia. Fundi mmoja wa reli, mshirika wa kanisa langu hapa Jinja, alirudi kutoka Mbale akasimama mlangoni kwetu, kofia mkononi, akasema, "Mchungaji, Rehema mzima kabisa. Nilimkuta anachota maji na mama yake."

Mama yake mzazi, mke wangu, alikuwa ameketi mbele yetu anachambua mchele. Hakuinua uso. Aliendelea kutupa vijiwe nje ya ungo mpaka yule fundi alipokwenda zake, kisha akasema, "Baba Rehema, nenda ukamlete mwanangu."

Ninyi mlio nyumbani Rabai mnajua kwamba hatukumpeleka Mbale kwa kupenda. Tangu tuhamie huku kuwahudumia Wakristo wanaosali kwa Kiswahili, watu wa reli na wa bwawa linalojengwa mtoni, homa ilimwandama mtoto huyu mpaka tukaanza kuogopa kumlaza. Mchungaji Erisa, Mgisu niliyesoma naye uchungaji, alikuja kwetu akamkuta anatetemeka chini ya mablanketi wakati wa jua kali. Akasema, "Nipe mimi huyu. Kwetu chini ya mlima baridi iko, mbu haina kazi." Tulimshukuru kama malaika. Tukasema mwezi mmoja tu. Mwezi ukazaa mwaka, na mwaka ukazaa mwenzake.

Kwa kuwa nawaandikia watu wangu, nitasema wazi: namwonea wivu Erisa. Kanisa lake lina kengele, mimi nagonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Hilo ningelivumilia. Lakini mtoto wangu kukonda kwangu na kunenepa kwake, hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Asubuhi ya kuondoka, mke wangu alinipa vitu viwili. Kimoja ni kapu la samaki wakavu wa Masese kwa wenyeji wangu. Cha pili ni gauni la maua ya bluu, kitambaa cha duka la Mhindi, alilolishona bila kumpima mtu. Nilipomuuliza kipimo kakitoa wapi, alinitazama kama niliyemtukana. "Namjua mwanangu," alisema. "Linafika hapa, magotini."

Njiani nilikaa daraja la tatu na mfanyabiashara Mwislamu wa Mbale, mzee mcheshi mwenye magunia yaliyoziba njia. Samaki wangu walimfikia kabla yangu.

"Padri, hii samaki yote inaenda wapi?"

"Inakwenda kumshukuru mtu aliyenilelea mtoto."

"Amekaa naye siku ngapi?"

"Miaka miwili."

Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Basi hiyo samaki kidogo, bwana! Kuzaa si kazi, kazi kulea." Niligeukia dirishani nikatazama mashamba ya pamba hadi Busembatia.

Tororo tulishuka kubadili treni. Nilikaa kivulini, lile jiwe kubwa la mji mbele yangu, nikataka kuomba ili niwafikie wenyeji wangu na moyo safi. Sala yangu ilianza vizuri, ikageuka mashtaka. Nilimweleza Mungu mambo ya Erisa ambayo Mungu mwenyewe hakuwa ameyaona. Treni ya Mbale ilipofika nilishukuru kukatizwa.

Mbale tuliingia jioni. Erisa alikuwa amesimama stesheni na baiskeli yake, na pembeni yake msichana mrefu. Nilimtazama msichana huyo kidogo kabla ya kujua ni wangu. Alikuja akapiga magoti, kama wafanyavyo wasichana wa huku, akanipa mikono yote miwili. Kwetu mtoto hutoa shikamoo akiwa amesimama. Nilimwinua haraka.

"Ona mtoto yako!" alisema Erisa. "Si amekuwa mkubwa?"

"Amekua," nilisema. "Ni hewa ya mlima."

"Hewa, na malewa ya Raheli," akajibu, akacheka, akafunga kapu langu kwenye baiskeli.

Nyumba yao iko Wanale, chini ya ule ukuta wa mlima. Raheli ni mke wa Erisa, mwanamke wa maneno machache, mama wa wavulana watatu, binti hana. Alitupa hayo malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Ni chakula kitamu sana, na hilo nalo liliniudhi. Baada ya kula walikaa kusali, kila mtoto kwa zamu, na zamu ya Rehema ilipofika akasali kwa Kigisu.

Sikuelewa kitu. Nilisikia jina la Yesu, nikasikia papa na mayi, ndivyo huku mtoto amwitavyo baba na mama. Binti yangu alizungumza na Mungu mbele yangu, na kila mtu chumbani akajua anasema nini isipokuwa mimi. Sikuuliza. Niliogopa jibu.

Asubuhi yake, Jumamosi, nilitoa gauni. Rehema alilivaa kwa furaha, likaishia juu ya magoti, na hakuna aliyecheka. Raheli alipiga magoti, akashika upindo akautazama.

"Mama yake amekata kwa macho," alisema taratibu. "Macho yalikuwa yanamwona vile alivyomwacha. Mimi nitaongeza."

Nilitaka kumwambia aliache kama lilivyo. Lakini alikwisha kuleta kitambaa cha njano, akakaa mlangoni penye mwanga, na Rehema akamtungia uzi kwenye sindano bila kuagizwa. Ndipo Erisa aliponiambia nitahubiri kesho, naye atafasiri. Nilikubali upesi mno. Nilikwenda nyuma ya nyumba na Biblia yangu nikachagua kisa cha wanawake wawili waliogombea mtoto mbele ya mfalme. Nilitaka kusanyiko lote la Wanale lijue mtoto huyu ni wa nani.

Jumapili kengele yao ililia, nayo ni kengele nzuri. Kanisa lilijaa. Nilisema sentensi, Erisa akaigeuza Kigisu, nikasema nyingine. Nilipofika kwa yule mwanamke mwongo, nilipandisha sauti. "Amemkumbatia!" nilisema. "Si wake, lakini amemkumbatia!" Erisa alinitazama, akafuta jasho, akafasiri neno kwa neno bila kulipunguza makali. Upande wa wanawake vichwa vikamgeukia Raheli. Kando yake Rehema alikaa na gauni lake la bluu lenye upindo wa njano.

Kisa chenyewe hakinisubiri. Kilikuwa kama baiskeli isiyo na breki kwenye mteremko wao wa Wanale. Mfalme akaitisha upanga, na mimi nikasema alivyosema yule mama wa kweli: mpeni mwenzangu huyu mtoto, mradi aishi.

Erisa alifungua kinywa, sauti haikutoka. Alijaribu tena. Akainamisha uso akatazama viatu vyake.

Kisha upande wa wanawake Rehema akasimama. Akayasema maneno yale kwa Kigisu, polepole, kwa sauti ya kufika nyuma, akanitazama kama anayeuliza kama amekosea. Wanawake wakaitika amina. Raheli alijifunika uso kwa leso.

Nilisimama pale mimbarani nikimtafuta mwanamke mwongo ili nimalize mahubiri, nisimwone. Mke wangu alikuwa amemwachia mwenzake mtoto, mradi aishi. Na huyu hapa alikuwa anamwachia mwenzake. Nilikuwa nimebakiza hoja tatu. Nikasema, "Tuombe."

Nje ya kanisa, Erisa alinivuta kando. "Ndugu yangu, hiyo mahubiri ilikuwa kali."

"Ilikuwa kali. Nisamehe."

"Mimi nasamehe. Lakini wewe jua hii. Sanduku ya mtoto imefungwa tangu Alhamisi. Raheli alifunga mwenyewe. Mimi nilisema ngoja, yeye akasema, hapana, baba yake asikuje akute mtoto hajawa tayari." Alinishika mkono. "Kitu moja tu naomba. Mlete likizo."

Nikasema ndiyo. Rehema, aliyekuwa karibu, aliruka kwa furaha, na papo hapo wivu ukanichoma upya.

Jumatatu tuliondoka. Raheli hakuja stesheni. Alimuaga Rehema uani, akaingia bandani kuwapa kuku mtama, na hakutoka. Mtoto alilia mpaka Tororo. Nilimmenyea ndizi, akazikataa kwa adabu, na adabu yenyewe ikaniuma. Baada ya Mbulamuti usingizi ulimchukua, akauegemea mkono wangu. Nywele zake zilinukia moshi wa jiko la watu wengine. Mkono ulikufa ganzi, na sikuusogeza mpaka Jinja.

Jinja mama yake alitufikia kabla treni haijasimama sawasawa. Alimkumbatia, akamzungusha, akamshika mashavu. Kisha vidole vyake vikashuka mpaka kwenye upindo wa njano.

"Nani kaweka hiki?"

"Mayi," alisema Rehema. Kisha, "Mama wa Mbale."

Mke wangu alijitwika sanduku akatangulia. Kesho yake alichukua wembe akakifumua kile kitambaa, mshono mmoja mmoja. "Nitaongeza cha kwangu," alisema. Lakini dukani kwa Mhindi maua ya bluu yalikuwa yamekwisha. Rehema alivaa gauni jinsi lilivyobaki, akasimama katikati ya chumba bila kulalamika. Akalivuta chini kwa mikono miwili, na likakataa kufika.

Mama yake alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaokota kitambaa cha njano sakafuni, akakikung'uta, akaketi mlangoni, akakishona palepale kilipokuwa, akifuata matundu yaleyale ya sindano.

Hayo ndiyo niliyojifunza, nami nilikwenda mbali kuyafuata: mtoto wangu amekua kwa upana wa kitambaa kile, na kitambaa kile hakikutoka nyumbani kwangu. Wivu haujaniisha, nisiwadanganye. Ila sasa najua ni deni nisiloweza kulipa kwa samaki.

"Likizo tutakwenda wote," alisema mke wangu, akakata uzi kwa meno. "Hao wavulana wake, vifua vyao vipana kiasi gani?"

Nikanyoosha mikono kumwonyesha.

"Acha," akasema. "Nitawapima mwenyewe. Safari hii sikati kwa macho."