Ufunguo wa Sufuria za Msiba

Yustina alihamia Bunju huku kukiwa bado mikorosho mitupu. Nilikuwepo, sikuhadithiwa. Mwaka wa kumi na tisa huu ameshika ufunguo wa stoo ya sufuria za msiba za mtaa wetu, na hajapoteza hata mwiko.

Sheria yetu ni fupi: asiyekwenda kwenye msiba wa mwenzie, wake ukifika hapewi sufuria.

Alipofariki mwenyekiti wa mtaa, mwalimu Wilfred hakwenda. Mwenyekiti ndiye aliyeruhusu vibanda vya mama lishe vivunjwe, kikiwemo cha Jesca. “Siwezi kumlilia mtu aliyewaliza wenzake,” alisema Wilfred. Alfonsi, katibu wetu wa kuzikana, akajibu kuwa asiyemheshimu maiti hana utu. Ukaja uchaguzi, kila mmoja na upande wake, ndio kabisa. Hata salamu zikakatika.

Kisha mama yake Wilfred akafa.

Alfonsi aliwahi kwa Yustina. “Dada, sufuria zisitoke. Sheria ni sheria.”

Jesca alikuwepo, akadakia, “Sasa wafiwa wale nini, sheria zako?”

“Zina chumvi kuliko maharage yako.” Akamgeukia Yustina. “Ukifungua stoo, ufunguo unirudishie.”

Ufunguo ule ndio cheo pekee Yustina alichowahi kupewa hapa mjini. Akajifunga kanga, akafungua stoo, akamwita Jesca washikiane sufuria kubwa. Wali ukapikwa, mama wa watu akazikwa.

Siku ya kuanua tanga akamwita Wilfred. “Baba, sufuria hizi utazisugua wewe.”

Kwetu mwanamume hagusi masizi ya msiba.

“Mama, mbele ya watu wote hawa?”

“Mbele yao hao hao. Sheria uliivunja.”

Wilfred akakunja suruali, akachota majivu. Yustina naye akamkabidhi Alfonsi ufunguo, kama alivyoagizwa. Alfonsi akautia mfukoni, akaanza kukagua.

“Hapa bado, mwalimu.”

“Umeshakuwa mwenyekiti?”

“Sugua wewe!”

Watu wakacheka, na Wilfred akacheka. Sufuria zilipong’aa, Alfonsi akautoa ufunguo. “Shika, dada. Stoo yenyewe ina panya.”

Uchaguzi uliofuata kila mtu alimpigia yuleyule wake, na hadi leo kila upande unasema ule mwingine hauna utu. Ufunguo Yustina anaufunga kwenye pindo la kanga.