Mama wa Vikopo

Enzi hizo mhudumu wa afya wa mtaani kwetu tulimwita Mama wa Vikopo. Alibisha hodi kwa kugonga ufunguo getini, polepole, na vile vikopo vya kupimia choo alivifunika kwa kitambaa kikapuni kama mayai. Akiongea, vidole vyake vilikinyoosha kitambaa muda wote.

“Shemeji, saratani ya utumbo ikiwahiwa inatibika,” alimwambia kaka yangu.

“Yaani choo changu kinitangulie hospitali?”

Tulicheka sote, yeye pia. Kisha vidole vikatulia.

“Marehemu mume wangu alicheka hivyohivyo, shemeji. Na mimi nikacheka naye.”

Kaka akanyoosha mkono, akachukua kikopo. Hospitali walimkuta na saratani ingali changa, wakaitoa. Mama yule alishahama zamani, lakini ufunguo ukigonga geti, mimi na kaka hugeuka pamoja.