Kiti cha Mstari wa Mbele

Siku shujaa aliporudi Märsta, mimi ndiye niliyepanga viti. Kazi hiyo nilijipa mwenyewe, maana mambo ya vurugu ukumbini siyawezi. Mzee yule alipigania uhuru wa nchi yake msituni, akajeruhiwa mguu, akaletwa Sweden kutibiwa, akaishi kwa muda katika mji huu mdogo. Sasa alikuwa anakuja kuutembelea tena, nasi wazungumzaji wa Kiswahili wa Stockholm nzima tukajaa ukumbi wa kanisa kumlaki.

Kabla hajafika, nikamkuta bibi mmoja wa Kiswidi kajikalia mstari wa mbele, pale pa mabalozi na wachungaji. Nikamwambia kwa Kiswidi, tena kwa sauti, kwamba kiti hicho kina mwenyewe. Akaanza kunieleza jambo. Nikajibu ndiyo, ndiyo, nimesikia, huku nimeshamshika kiwiko nampeleka nyuma kabisa, karibu na makoti.

Kama kawaida yetu, saa nane ikawa saa kumi. Shujaa wenzangu walikuwa bado wanampigisha picha hotelini, na chapati zilikuwa bado zinapashwa moto. Bibi akasubiri weee, mpaka dereva wa gari la wazee la halmashauri akaja kumchukua, na gari lile halimngoji mtu. Nilimwona akitoka. Mimi nikafurahi kwamba nimepata kiti cha ziada.

Shujaa alipoingia, ikawa vigelegele, simu juu, watu kukanyagana. Akashika maikrofoni, akaangaza mstari wa mbele, akauangaza tena.

"Asanteni wanangu," akasema. "Lakini kuna mama aliyeniuguza nyumbani kwake hapa Märsta, akanifundisha kutembea upya. Nilimwandikia aje akae mbele, nimwone. Yuko wapi?"

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baada ya hotuba nilimfuata pembeni nikamwambia yote. Tukampigia bibi simu ya nyumbani, ikaita tu. Kumfuata hakukuwezekana, kwa kuwa ndege ya mzee ilikuwa jioni ileile na muda tulikuwa tumeshaumaliza kwa picha zetu.

Hakunigombeza. Afadhali angenitukana. Aliniuliza taratibu, "Binti yangu, sura yake ikoje siku hizi?"

Nilimkokota mama wa watu ukumbi mzima, na usoni sikumtazama hata mara moja.