Mwanamke wa Kofia Nyekundu Njia ya Nyakitonto

Haya ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe. Mpaka leo nimewaambia watu watatu tu. Mume wangu alicheka. Dada yangu aliniuliza kama siku ile nilikuwa na homa. Mchungaji aliuliza tu kama bado naendesha pikipiki. Sikuwa na homa, na pombe sijawahi kuionja. Wala haikuwa usiku, maana najua ndilo utakaloniuliza. Ilikuwa saa kumi na nusu alasiri, mvua ndiyo kwanza imekatika, na jua limerudi.

Mwaka 2013 nilikuwa bibi shamba wa kata ya Makere, wilaya ya Kasulu. Kwetu ni Lushoto. Nilipopangiwa Kigoma, mama alilia kama vile nimeambiwa nahamia nchi nyingine. Mimi sikulia. Niliahidiwa pikipiki, nami toka utotoni nilikuwa natamani kitu ambacho nikipita nacho watu watageuza shingo.

Nikaipata. Nikajifunza wiki mbili uwanja wa mpira, nikaanguka mara nne, nikaiva. Halafu nikaanza kujipamba. Sokoni Kasulu nilipata jaketi la ngozi la mtumba, jeusi, lina zipu mbili. Nikapata buti. Kofia ngumu niliyopewa kazini ilikuwa ya kijivu, imechakaa, nikaiacha chini ya kitanda na kununua yangu nyekundu, yenye kioo cheusi kinachofunika uso wote. Nilipiga picha studio nikiwa nimeishika kwapani. Niamini, nilipendeza.

Kazi yangu ilikuwa kuzunguka mashambani kufundisha watu kung'oa mihogo yenye ugonjwa wa batobato na kupanda mbegu safi. Nilikuwa naifanya vizuri, sitaki kujisingizia. Lakini nilikuwa na tabia zangu. Nikifika penye watu wengi nabadilisha gia ili pikipiki ingurume. Naweza kupita sokoni mara mbili wakati njia yangu haipiti sokoni hata mara moja. Nikipita dukani najiangalia kwenye kioo cha mlango. Na sikuwa napakia mtu. Wazee walikuwa wananipungia mkono, kina mama wenye mizigo wananipungia, nami napiga honi kidogo na kuendelea. Nilijiambia ni sheria ya kazi. Haikuwa sheria. Bibi kizee na fungu lake la kuni angeniharibia tu ule muonekano.

Mambo yalianza kwa mama mwenye nyumba wangu, Mama Leokadia. Jioni moja nimerudi, nikamsalimia kwa Kiha chake nilichokuwa najifunza, "Mwidiwe, mama." Akaitika kwa uzito.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Kwa nini, mama?"

"Mchana umenipita kisimani. Nimekuita kwa jina. Ukapunguza mwendo, ukaniangalia, ukaenda zako."

Mchana ule mimi nilikuwa Kasulu mjini kwenye kikao, nimeketi na watu zaidi ya kumi. Nikamwambia hivyo. Akasema sawa, lakini kwa ile sauti ya mtu anayekubali ili mazungumzo yaishe.

Wiki iliyofuata, mkulima mmoja akanilalamikia kwamba nilifika shambani kwake, nikakaa juu ya pikipiki bila kushuka wala kufungua kioo, nikamtazama analima, kisha nikaondoka. Siku hiyo nilikuwa nimelala nyumbani naumwa tumbo. Mwingine akasema nimeipita foleni ya maji nikakanyaga dimbwi, nikawarushia watu tope. Hilo nalo sikulifanya. Sasa wewe ungefikiria nini? Mimi nilifikiria kuna mtu anatumia pikipiki yangu. Nikaanza kulala na ufunguo chini ya mto. Nikamshuku mlinzi wa ofisi. Nikamshuku hata Mama Leokadia kwamba ananitungia ili nihame. Nikawa naandika kilometa za pikipiki kila jioni na kuzisoma kila asubuhi. Hazikusogea hata moja.

Mwishowe nikaenda kijiweni kwa bodaboda. Pale nilikuwa namwamini mmoja, Bosco, mtu mzima mwenye familia yake, anayeijua kila njia kutoka Kasulu mpaka Kibondo.

"Bosco, kuna mwanamke mwingine huku anaendesha pikipiki?"

"Hakuna, dada. Ni wewe tu."

"Hata wa shirika? Hata wa kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu?"

"Wale wanapanda magari." Akanitazama kidogo. "Mbona unaniuliza? Asubuhi si nimekupisha pale kwenye kona, nikakusalimia, ukanyamaza?"

Asubuhi ile sikuwa nimeitoa pikipiki ndani.

Siku yenyewe nilikuwa natoka Nyakitonto kurudi Makere. Mvua ilinikuta njiani, nikajibanza kwenye banda la mtu hadi ikakatika. Njia ile ina miti ya miombo huku na huku, na udongo wake mwekundu ukinyeshewa unakuwa laini kiasi kwamba hata kuku akipita anaacha alama. Nikawa naendesha taratibu.

Nikamwona mbele yangu, kama mita mia moja. Kofia nyekundu. Jaketi jeusi. Buti.

Utadhani niliogopa. Hapana. Kwanza nilifurahi, nikasema leo nimemkamata mwizi wa jina langu. Halafu, na hili naona aibu kulisema, nikamwonea wivu. Alikuwa ameikalia pikipiki vizuri kuliko mimi. Mgongo umenyooka, mkono mmoja uko pajani, pikipiki inapita kwenye utelezi kana kwamba ipo kwenye lami. Ndivyo nilivyokuwa najiona mimi kichwani mwangu kila siku. Nikaongeza mwendo. Nilitaka kumwona sura, na nilitaka pia aone kwamba na mimi naweza.

Tulikwenda hivyo kwa muda. Nikiongeza, anaongeza. Nikipunguza, anapunguza. Ndipo nikagundua vitu viwili. Muungurumo niliokuwa nausikia ni wa pikipiki moja, yangu. Na kwenye lile tope jipya, mbele ya tairi langu, hapakuwa na alama yoyote.

Ungegeuza? Mimi sikugeuza. Nilijiambia ni maji yamefunika alama.

Tukafika njia panda ya kuingia mashambani. Pale alisimama mwanamke na mtoto mgongoni, anapunga kitenge kwa mikono miwili. Yule wa mbele akapunguza mwendo, akageuza kichwa akamtazama yule mama, akapita. Nami nikafika. Nilimwona vizuri kabisa. Nilimwona mtoto, shingo imelegea, kichwa kinaning'inia. Nilisikia, "Bibi shamba, nisaidie." Na mimi nikapita, kwa sababu nikisimama yule ataniponyoka. Nilisema nitarudi. Nakuapia nilisema hivyo moyoni, nitarudi sasa hivi.

Mbele kidogo kuna daraja la magogo juu ya kijito. Pale akasimama. Nikasimama ubavuni pake, na pikipiki yangu ikazima yenyewe.

Sikujua niseme nini, nikasema kama mtu wa kazini anavyomwambia mwenzake. "Habari za kazi, dada. Unatoka idara gani?"

"Hii hii yetu."

Lafudhi yake ilikuwa ya Lushoto. Kule Kasulu, nusu ya maneno ni Kiha, hakuna mtu anayeongea hivyo.

"Yetu ipi? Kata hii ni yangu."

Akasema, "Leo umeendesha vizuri. Hukusimama."

"Unakwenda wapi?"

"Nduta. Kule kuna watu wengi wa kututazama. Twende."

Mimi nilikuwa mgeni, Nduta nimeisikia tu kwamba iko upande wa Kibondo. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo mume wangu alipoacha kucheka. Nilitaka kwenda. Mtu nimemshuku wiki tatu, hana alama za tairi, sura simwoni, na mimi napiga kiki pikipiki iwake nimfuate. Nikapiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikagoma. Nikainua kichwa, na kwa mazoea yangu nikajiangalia kwenye kioo cha kofia yake, nione kama jaketi limekaa sawa.

Niliona daraja. Niliona miti na mawingu nyuma yangu. Niliona pikipiki yangu imesimama pale, wima, na juu yake hakuna mtu.

Niliiachia ikaanguka. Nilikimbia kurudi nilikotoka, nikavua kofia huku nakimbia nikaitupa porini. Sikugeuka nyuma. Pale njia panda yule mama hakuwapo tena, pamebaki alama za miguu yake zilizokata njia ya mkato ya mashambani kuelekea Makere. Nikazifuata, natembea, nakimbia, natembea, mpaka Bosco akatokea akiwa anampeleka mwalimu mmoja mbele. Alimfikisha mwalimu, akarudi kunichukua, akasisitiza twende tukaitazame pikipiki.

Tuliikuta darajani imesimama kwenye stendi yake. Mimi sikuiweka stendi. Bosco aliinama akaikagua njia ile kwa muda mrefu, mbele ya daraja na nyuma ya daraja.

"Dada, ukiacha yangu, hapa imepita pikipiki moja tu. Yako."

"Na huko Nduta kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kambi ilifungwa zamani. Ni majani na misingi ya nyumba."

Tukaondoka, yeye akiendesha ya kwake mbele, mimi nikimfuata bila kofia, na sikukitazama kioo cha pembeni hata mara moja.

Asubuhi nikaenda zahanati. Nilikuwa na hakika nitamkuta yule mama, na nilimkuta. Mtoto anaitwa Editha, wa miaka miwili, alikuwa amepatwa na degedege la malaria. Mama yake alimbeba kwa miguu mpaka zahanati. Alikuwa amekaa kwenye benchi, tope limemkaukia mpaka magotini. Nilianza kumweleza. Nikamwambia kuna mtu anafanana na mimi, amevaa kama mimi, anapita akiwafanyia watu vibaya, siyo mimi. Nilimwambia hivyo huku namshika mkono.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, taratibu, bila hasira, "Ulipita mara mbili. Mara ya kwanza ulinitazama. Mara ya pili hata hukunitazama usoni, ulikuwa unatazama mbele."

Ile ya kwanza ningeweza kuikana mpaka kufa. Ile ya pili ilikuwa mimi.

Editha alipona, lakini sikio moja halikusikia tena. Nilienda kwao mara nyingi, nikawapelekea mbegu za muhogo, nikalima nao. Mama Editha ananipokea, ananipa kigoda, ila chakula kwake hakuwahi kunikaribisha, na kwa Waha, asiyekukaribisha chakula bado hajakusamehe. Pale kijijini wengine walisema nina pepo. Wengine walisema hakuna pepo wala nini, bibi shamba ana maringo tu. Sijui ni lipi liliniumiza zaidi.

Mwaka uliofuata nikahamishiwa Kibondo. Na 2015, Warundi walipokimbia kwao, Nduta ikafunguliwa tena, watu wakajaa maelfu kwa maelfu. Nilipoambiwa niende kufundisha kilimo cha mboga, niliomba nipande gari. Siku ya kwanza naingia pale, watu wamejipanga kando ya njia wanatazama gari linapita, nilifunika uso kwa mtandio. Sitaki kusema yule mwanamke alijua. Nasema tu nilichokiona.

Pikipiki naendesha mpaka sasa, ndiyo kazi. Kofia yangu ni ya uso wazi, na mvua ikinyesha nalowa. Jaketi nililichoma. Lakini bado kuna siku mtu ananiambia, "Jana mbona umenipita hivi hivi?" Basi nasimama pale pale, namuuliza ni saa ngapi, ni njia gani, nilivaa nini. Watu wanaona nina wazimu kidogo. Mara nyingi ni mimi kweli, nilikuwa na mawazo sikumwona. Mara mbili haikuwa mimi.

Kwa hiyo wewe unayependa kupita watu wakikutazama, sikukatazi kupendeza. Ila anayekupungia mkono, simama. Fungua kioo, shuka, msalimie, akuone sura. Usiponisikiliza, iko siku utakuja kusema "huyo hakuwa mimi," na utakuwa unasema kweli, na katika njia yote ile hutapata hata mtu mmoja wa kukushuhudia.