Kahongya na Mwezi Uliochelewa

Kahongya, mshonaji wa nguo za arusi kule Beu, mjini Beni, na bwana yake Jean-de-Dieu, mwalimu aliyetumwa kule kutoka Kasaï, walikuwa wamepatana kwamba mtoto wa tatu atangoja. Gaëlle alikuwa kifungua mimba wao, na Jordy, mdogo wake, ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea huku ameshika ukuta. Lakini usiku mmoja kapote, yaani kondomu, ilipasuka. Kulipokucha, kabla hajafungua hata mlango wa atelye yake ya kushonea, Kahongya alikuwa ameshafika kwenye farmasi, akapewa kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, akakimeza palepale.

Akadhani mambo yamekwisha. Kumbe! Siku zake za kuona mwezi zilifika, zikapita, na hakuna kitu.

Kahongya alijikaza. Aliyeshindwa kujikaza ni Jean-de-Dieu. Aliamka mapema akateka maji, akafua nguo za Jordy, akamkataza mke wake asibebe hata kitunga cha mihogo. Kila aliporudi kutoka kufundisha masomo alimwuliza kwa macho tu. Kahongya akatikisa kichwa, na mwalimu wa watu akaenda kupasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Mama Kitsa, jirani yao, hakungoja kuambiwa. Mwanaume anafua nguo za mtoto uani, mchana kweupe? Basi mke wake ana mimba, akawanong'oneza wenzake. Dominika, misa ilipoisha, akina mama wa kwaya walimzunguka Kahongya wakimpa mkono wa pongezi.

"Félicitations, Mama Gaëlle! Mungu asifiwe!"

Mmoja alikuwa ameshafuma hata kikofia. Kahongya alikipokea, akacheka kwa haya. Walipokuwa njiani akamgeukia bwana yake.

"Baba Gaëlle, ni weye ulitangaza."

"Mimi? Sikusema hata neno moja!"

"Eee, haukusema. Lakini ulifua."

Jumatatu akaenda kituo cha afya. Muuguzi Josée alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkata.

"Ulimeza mapema, ni muzuri," akamwambia. "Ile dawa inachelewesha yai kutoka. Donc mwezi nayo inaweza kusogea: inakuja mbele ya siku yake, ao inachelewa. Hauko peke yako, bamama bengi banakuja hapa na ile woga. Mais ikipitisha juma moja, tunapima mukojo, hatubakie kubahatisha."

"Juma imeisha, mama."

"Basi tupime."

Kahongya akangoja kwenye benchi. Akawaza kwamba kama mtoto yuko, atapendwa kama wengine. Lakini angefanya vizuri asije sasa. Josée akarudi akimwonyesha kipimo: mstari mmoja tu.

"Hakuna mimba. Ngojea kidogo. Isipokuja, urudie tupime tena. Na tumbo ikikuuma sana, hapana ngojea, kuja mbio."

Jumamosi ile Mathe, kaka yake, alioa mjini Butembo. Kahongya ndiye aliyeshona nguo ya bibi arusi, na watu waliisifu tangu kanisani mpaka ukumbini, kwenye salle ya karamu. Mjomba mmoja alisimama na kuanza kueleza ukoo wao, babu kwa babu, huku chakula kinapoa mezani. Hapo Kahongya akasikia maumivu chini ya tumbo, maumivu anayoyajua. Akatoka polepole. Aliporudi alitembea kama yeye ndiye anayeolewa.

"Imekuja," akamnong'oneza bwana yake.

"Nini?"

"Mwezi, Baba Gaëlle! Mwezi!"

Jean-de-Dieu akaruka juu, akapiga makofi kwa nguvu zake zote. Watu wakadhani hotuba imekwisha, wakapiga makofi nao, na wapiga muziki wakaanza. Mjomba, aliyekuwa bado kwa babu wa pili, akatazama huku na huku, akaketi. Bakuli za sombe, yale majani ya mihogo, zikafunuliwa. Kahongya alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya kitenge, na mama yake akadhani analia kwa ajili ya kaka yake.

Waliporudi Beni, mke na mume walikwenda pamoja kwa Josée, maana hawakutaka tena mbio za asubuhi namna ile. Josée akawaonyesha njia zote za kupanga uzazi, akawaeleza uzuri na taabu ya kila moja. Kahongya akachagua kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Jean-de-Dieu aligeuza uso ukutani wakati wa sindano. Kahongya hakukunja hata uso. Kisha wakanunua mandazi ya watoto, wakafanya haraka kurudi nyumbani, kwa sababu kulikuwa na bibi arusi mwingine aliyengoja kupimwa kiuno.